Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kutafuta mali kwa mwongozo wa imani ya Kihindu

Wanaoyarudia maswali haya ni watu wa aina tatu: vijana wa Kihindu waliozaliwa Mwanza, Mombasa au Unguja, ambao Kiswahili kinawatoka kirahisi kuliko Kigujarati; washirika wao wa biashara wasio Wahindu; na majirani wanaoziona taa za Diwali kila mwaka na kujiuliza kuna nini nyuma yake. Uhindu hauna kitabu kimoja wala kiongozi mmoja wa kutoa hukumu. Kwa hiyo majibu yanaegemea mapokeo ya Gujarat na Kutch, magharibi mwa India, ambayo ndiyo yaliyovuka bahari kwa wingi kuja pwani yetu. Mhindu wa Bengal au Tamil Nadu anaweza kujibu tofauti kidogo, naye hatakuwa amekosea.

## Msingi

1. Je, dini ya Kihindu inaruhusu kutafuta utajiri?

Inaruhusu, na kwa mtu mwenye familia inakaribia kuwa amri. Maisha ya binadamu yamewekewa malengo manne: dharma (wajibu na haki), artha (mali na riziki), kama (raha na mapenzi) na moksha (ukombozi wa roho). Artha hutajwa baada ya dharma, na mpangilio huo ndio sheria yenyewe: tafuta, lakini usivuke mpaka.

Umri nao umegawanywa hatua nne: mwanafunzi, mwenye nyumba, mzee anayejitenga, na mtawa aliyeachana na mambo ya dunia. Sheria za kale za Manu zinasema hatua tatu nyingine zote zinalishwa na mwenye nyumba. Baba au mama anayeacha kutafuta kwa kisingizio cha ibada hajawa mtakatifu; amewatwisha wengine mzigo wake. Katika Taittiriya Upanishad, moja ya maandiko ya kale, mwalimu anapomuaga mwanafunzi aliyehitimu anamwambia aseme kweli, ashike dharma, na asipuuze ustawi wake. Yote hayo katika wosia mmoja.

2. Mbona basi kuna watawa wa Kihindu wasiogusa pesa kabisa?

Kwa sababu wako kwenye hatua nyingine ya maisha. Masadhu (watawa) wa Swaminarayan, dhehebu la Kihindu lililoanzia Gujarat, kwa mfano, hawashiki fedha. Kanuni yao si kanuni ya mwenye duka, na mwenye duka akiiga nusu nusu, watoto wake watalala njaa.

3. Kila Mhindi ni Mhindu?

Hapana. Watu wengi wenye asili ya India hapa Afrika Mashariki ni Waislamu: Ismailia, Bohora, Ithnaasheri, Sunni. Wapo Wagoa Wakatoliki, wapo Masingasinga, wapo Wajaini. Baadhi ya familia tajiri ambazo watu huzitaja wakizungumzia "utajiri wa Kihindu" si za Kihindu kabisa. Ukurasa huu unahusu imani, si asili.

4. Lakshmi ni nani? Ina maana mnaabudu pesa?

Lakshmi ni mungu wa kike wa neema na ustawi, mke wa Vishnu. Simulizi zinasema alitokea pale miungu na mahasimu wao walipoivuruga bahari ya maziwa. Sifa yake inayorudiwa sana ni kutotulia: leo yuko kwa huyu, kesho kwa yule. Ana dada mkubwa, Alakshmi, anayefuata ugomvi, uchafu na uvivu. Ndiyo maana kabla ya Diwali nyumba husafishwa hadi uvunguni, na akina bibi huwakemea wanaogombana jioni wakati taa inawashwa.

Mahali penye Lakshmi huombwa kwanza Ganesha, mwondoa vikwazo, na Lakshmi mwenyewe ana mumewe. Mali, kwa maneno mengine, ina mwenyewe, na wewe ni mwenyeji wake kwa muda. Noti ikianguka na ukaikanyaga kwa bahati mbaya, utaigusa na kupeleka mkono kwenye paji la uso. Lakini utafanya vivyo hivyo ukikanyaga kitabu, na hakuna anayesema tunaabudu madaftari.

5. Kama mali ina mwenyewe, je, si yangu?

Ubeti wa kwanza wa Isha Upanishad unasema kila kinachotembea duniani kimeenewa na Mungu. Basi furahia kwa kuachilia, wala usitamani mali ya mtu. Gandhi, aliyezaliwa mwaka 1869 Porbandar katika familia ya tabaka la wafanyabiashara, alisema mwaka 1937 kwamba maandiko yote yakiteketea na ubeti huo mmoja ukabaki, Uhindu ungeendelea kuishi. Juu ya msingi huo alifundisha kwamba tajiri ni mdhamini tu: ashike mali, aiendeshe kwa ustadi wake, lakini ajue ameishika kwa niaba ya jamii.

Ni fundisho zuri lenye tundu. Mdhamini anayejichagua mwenyewe, akajikagua mwenyewe, hana wa kumfukuza kazi. Wakosoaji walimwambia Gandhi hivyo akiwa hai. Ndiyo maana majibu ya 11 na 12 hapa chini yanazungumzia mafungu na hesabu zilizoandikwa, kwa sababu nia njema peke yake haihesabiki.

6. Ni kweli matajiri wa Kihindi wana majini, au nyoka anayetema pesa?

Swali hili huulizwa kwa kunong'ona, basi tulijibu kwa sauti: hapana. Kinachoonekana ni udi asubuhi, alama nyekundu kwenye sefu, picha za miungu juu ya kaunta, na ndimu moja na pilipili mbichi saba zilizoning'inizwa mlangoni ili Alakshmi (tazama swali la 4) apate chakula chake cha uchachu na ukali hukohuko nje asiingie. Nyoka anaheshimiwa, ana sikukuu yake inayoitwa Nag Panchami. Hatemi kitu.

Siri ya duka la zamani ilikuwa ya kuchosha kuisimulia: familia kuishi ghorofani juu ya duka, watoto kupima sukari baada ya shule, bidhaa kuchukuliwa kwa mali kauli kutoka kwa jamaa mwenye ghala, na hesabu kufungwa kila usiku kabla ya kula. Na tuwe wakweli, kulikuwa na upendeleo pia. Utawala wa kikoloni ulipanga watu kwa rangi. Tanganyika ilikuwa na sheria ya mwaka 1923 iliyobana Mwafrika kupewa mkopo na wafanyabiashara, wakati Mhindi mwenye mjomba Bombay alikuwa na mkopo kabla hata hajashuka melini. Anayesimulia mafanikio ya duka bila kuigusa sheria ile anasimulia nusu.

## Kupata

7. Ni lazima nizaliwe katika tabaka la wafanyabiashara?

Hapana. Bhagavad Gita, moja ya maandiko makuu ya Kihindu, inataja kilimo, ufugaji na biashara kuwa kazi ya tabaka la Vaishya, na kwa karne nyingi maneno hayo yalitumika kumfungia mtu mlango kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Historia ya watu wetu wenyewe inayapinga. Patel wengi asili yao ni wakulima wa Charotar, Gujarat. Walikuja huku wakawa makarani na wakuu wa stesheni za reli, biashara ikafuata baadaye. Nanji Kalidas Mehta, mtu wa jamii ya Walohana aliyezaliwa mwaka 1887 karibu na Porbandar, alivuka bahari akiwa kijana mdogo mwenye elimu kidogo ya darasani, akaanza na kazi ya duka, na mwaka 1924 akawa na kiwanda cha sukari Lugazi, Uganda. Muljibhai Madhvani naye alianzisha kiwanda cha Kakira mwaka 1930. Unachohitaji ni mtu wa kukufundisha na mtu wa kukuamini bidhaa, na hapo ndipo ukoo ulipowasaidia.

8. Biashara gani zimekatazwa?

Hakuna orodha moja. Msingi ni ahimsa, kutodhuru, na satya, ukweli. Kwa Wavaishnava (waabudu wa Vishnu) wa Gujarat hiyo inamaanisha kukaa mbali na nyama, pombe na kamari. Mizani ya kupunja, bidhaa iliyopita muda na kubandikwa tarehe mpya, na risiti mbili za mauzo mamoja ni haramu kwa kila mtu, wala hapo hahitajiki mwanazuoni.

Matendo hayafanani na mahubiri, lakini. Ukoo wa Madhvani, uliojulikana kwa sukari, ulikuja kumiliki kiwanda cha bia pia. Wapo watakaosema ni ajira kwa maelfu, na wapo watakaosema faida hiyo isipelekwe hekaluni. Mimi nakushauri jambo jepesi zaidi: ukiona huwezi kumweleza mama yako waziwazi unauza nini, jibu umeshalipata.

9. Riba je? Jirani yangu Muislamu ananiambia ni haramu.

Kwa Muislamu ni haramu. Kwa Mhindu riba inaruhusiwa, ila imewekewa mipaka tangu zamani, na mipaka hiyo inafaa kujulikana kwa sababu wakopeshaji wengi wa Kihindu wenyewe wameisahau.

Arthashastra, kitabu cha kale cha utawala kinachonasibishwa na Kautilya, kinataja viwango vya mwezi: asilimia 1.25 kwa mkopo wa kawaida, 5 kwa mkopo wa biashara, 10 kwa wanaopita misituni, na 20 kwa wanaovuka bahari. Mantiki yake ni hatari: aliyekopesha jahazi alikuwa anaweza kupoteza kila kitu kwa dhoruba moja. Sheria za Manu zilikuwa na kipimo kingine kibaya, kilichomtoza mtu wa tabaka la chini zaidi. Hakuna sababu ya kukitetea.

Kanuni iliyo bora kuliko zote inaitwa damdupat: kwa wakati wowote mmoja, riba unayodai haiwezi kuzidi mkopo wenyewe. Umekopesha milioni moja, riba yako inagota kwenye milioni moja hata mdaiwa akikaa miaka ishirini. Mahakama za Bombay ziliitumia kanuni hii kwa Wahindu wakati wa Waingereza. Sheria ya Benki ya Kenya, kifungu cha 44A, ina mpaka unaofanana na huo kwa mikopo isiyolipika, ingawa wenyewe ulitoka kwenye mapokeo ya sheria ya Kirumi na Kiholanzi. Sasa ipime mikopo ya kausha damu kwa kanuni hii: anayetoza asilimia 30 kwa mwezi anafika ukingoni mwezi wa nne. Mhindu anayekopesha hivyo hana mahali pa kujificha ndani ya dini yake.

10. Na kukopa? Deni ni dhambi?

Si dhambi, lakini linakufuata. Binadamu anahesabiwa kuzaliwa na madeni matatu tayari: kwa miungu, kwa wahenga waliotuachia elimu, na kwa mababu. La pesa ni nyongeza. Sheria ya zamani ya Kihindu iliwabebesha watoto wa kiume deni la baba yao, isipokuwa lile la ulevi au kamari. India iliuondoa wajibu huo kwa madeni mapya mwaka 2005, lakini aibu ya kuacha deni haijafutwa na bunge lolote.

Tenganisha mkopo wa bidhaa utakazouza na mkopo wa harusi ya siku nne. Wa kwanza unajilipa. Wa pili unalipwa na mtoto ambaye hajazaliwa.

## Kutunza na kugawa

11. Nigaweje kipato changu?

Bhagavata Purana ina ubeti unaosema mwenye kuigawa mali yake mafungu matano hufurahi hapa na ahera: fungu la dharma, la jina jema, la kuikuza mali yenyewe, la raha zako, na la watu wako. Ubeti hausemi mafungu yawe sawa. Mwenye kipato cha shilingi 900,000 kwa mwezi anaweza kugawa hivi: 90,000 dharma; 45,000 jina jema, yaani michango ya misiba na harusi na kumkirimu mgeni; 225,000 kukuza mtaji; 405,000 maisha yake, kodi ya nyumba na chakula vikiwemo; na 135,000 wazazi na ndugu. Kodi ya serikali imeshatoka kabla ya hapo.

Kinachonivutia ni fungu la tano. Watu wengi huwapa ndugu kile kilichobaki, au huwapa vyote kisha wakanuna. Ukiwatengea fungu, mtu anapokuja tarehe 20 na fungu limekwisha, unasema limekwisha bila kusema uongo. Fungu la tatu nalo linawashtua wacha Mungu, maana hapo maandiko yanakutaka uitie mali kwenye biashara izae.

Kuna kejeli kidogo hapa. Maneno hayo anayasema Shukra, mwalimu wa mfalme Bali, akimshauri mfalme huyo asitoe kila kitu. Bali alikataa ushauri, akatoa vyote, na ndiye anayesifiwa hadi leo. Kwa hiyo mafungu matano ni ya watu wa kawaida kama mimi na wewe.

12. Kweli dini inaagiza hadi uandishi wa hesabu?

Kwa wafuasi wa Swaminarayan, ndiyo, tena kwa uwazi unaoshangaza. Shikshapatri, mwongozo wa beti 212 ulioandikwa Vadtal mwaka 1826, unaagiza mwenye nyumba atumie kulingana na kipato chake na aandike mapato na matumizi kila siku kwa hati inayosomeka. Unaagiza pia kwamba shughuli za ardhi na mali zisifanywe bila maandishi na mashahidi, hata na mwanao, hata na rafiki. Nadhani agizo hili la mwisho, lingefuatwa, lingeokoa familia nyingi kuliko mahubiri yote ya kupendana (endelea na swali la 17).

13. Kutoa fungu la kumi ni lazima?

Mwongozo huohuo unataja sehemu moja ya kumi, na moja ya ishirini kwa asiye na uwezo. Madhehebu mengine hayana kiwango. Gita inaangalia namna ya kutoa na kuipanga katika ngazi tatu: kilichotolewa mahali pake, wakati wake, kwa anayestahili na asiyeweza kukulipa, kilichotolewa kwa kinyongo au kwa kutega malipo, na kilichotolewa kwa dharau. Sadaka ya kumrushia mtu sarafu dirishani iko ngazi ya chini kabisa.

Vipi vibao vya marumaru vyenye majina ya wafadhili ukutani? Mafungu matano yanatambua "jina jema", basi kibao kina mahali pake. Tatizo linaanza ukuta ukijaa majina na choo cha hekalu hakina maji.

14. Ni nini hiki cha kuombea madaftari siku ya Diwali?

Kinaitwa chopda pujan. Chopda ni daftari refu la hesabu, kwa desturi lenye jalada jekundu. Kwa Wagujarati mwaka unaisha na Diwali, kwa kalenda ya Vikram Samvat, na mwaka mpya huanza kesho yake. Jioni hiyo daftari jipya hufunguliwa, ukurasa wa kwanza huandikwa jina la Ganesha na la Lakshmi, kisha "shubh" na "labh", yaani heri na faida, na kuchorwa swastika. Alama hiyo ilikuwa ya baraka India maelfu ya miaka kabla Manazi hawajaichukua. Huwekwa sarafu na jani la tambuu, na kuhani husoma dua. Maduka hufunguliwa rasmi siku ya tano, Labh Pancham. Siku hizi juu ya kitambaa chekundu kuna kompyuta ndogo, na hakuna aliyelalamika. Soko la hisa la Bombay nalo, tangu mwaka 1957, hufunguliwa kwa muda mfupi siku ya Diwali ili watu wanunue hisa chache za baraka.

Faida yake ya kidunia ni kwamba huwezi kufungua daftari jipya bila kulifunga la zamani. Lazima ujue nani anakudai, unamdai nani, na mzigo gani umelala stoo. Mwenye biashara asiye na Diwali anaweza kujipangia siku yake ya namna hiyo.

15. Ninunue dhahabu au ninunue hisa?

Desturi inasema dhahabu, hasa siku ya Dhanteras, siku mbili kabla ya Diwali, na Akshaya Tritiya. Upendo huo una sababu. Mwaka 1971 Tanzania ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na familia zilizokuwa zimeweka jasho lote kwenye ghorofa moja zilibaki wapangaji. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90. Mtu aliyepitia hayo haamini mali isiyobebeka.

Hata hivyo bangili si uwekezaji safi. Unalipia ufundi wa sonara wakati wa kununua, na sonara halipi ufundi huo wakati wa kuuza. Dhahabu haizai kodi wala gawio. Na bangili ya harusi kwa kawaida haiuzwi mpaka msiba, kwa hiyo ihesabu kama bima na kama mali ya mke (swali la 18), usiihesabu kama mtaji. Hisa, hatifungani za serikali na mifuko ya uwekezaji wa pamoja havina tatizo lolote la kidini, ukiacha kampuni za aina iliyotajwa katika swali la 8. Gita inasema haki yako iko kwenye kazi, haiko kwenye matunda yake. Mwekezaji aielewe hivi: unaweza kuamua kuweka akiba kila mwezi na kusoma hesabu za kampuni, bei ya kesho si yako.

16. Kubeti mechi moja tu wikiendi kuna ubaya gani?

Rig Veda ina wimbo mzima wa mcheza kete anayelia: mke amemchukia, mama mkwe hamtaki, wadai wanamsaka, na bado mlio wa kete unamwita. Wimbo unamshauri aache kete akalime shamba lake. Katika Mahabharata, Yudhishthira, mfalme mwadilifu kuliko wote, alicheza akapoteza hazina, ufalme, ndugu zake, yeye mwenyewe na mkewe. Kama kete zilimfanyia hivyo mtoto wa Dharma mwenyewe, mkeka wa mechi kumi na mbili hautakuonea huruma.

## Familia

17. Familia yetu ina mfuko mmoja. Tuendelee au tugawane?

Mfuko mmoja ulijenga biashara nyingi: kaka mkubwa anashika fedha, wadogo wanashika maduka, mjomba anasomesha wa wote. India imeipa familia hiyo hadhi ya kisheria kwenye kodi, ina msimamizi wake na hesabu zake. Usidhani hadhi hiyo inakufuata Arusha au Kisumu. Huku fungueni kampuni au andikeni mkataba wa ubia, na kila mmoja awe na wosia.

Mfuko mmoja huvunjika kizazi cha tatu, binamu wanaporithi hisa sawa na bidii isiyo sawa. Ukiona mmoja anaomba ruhusa kununulia watoto viatu, wakati wa kugawana umefika. Kugawana mapema, wazee wakiwa hai na wanazungumza, si kuvunja ukoo.

18. Mali ya mke ni ya nani?

Ya mke. Sheria ya Kihindu tangu zamani inatambua stridhan: dhahabu na zawadi alizopewa mwanamke kabla, wakati na baada ya harusi. Mume akiitumia kwenye shida, ni deni. Mahari ya kudaiwa kutoka kwa wazazi wa bibi harusi ni kitu kingine kabisa. India iliipiga marufuku mwaka 1961, ingawa haijaisha. Na tangu mwaka 2005 binti ana haki sawa na mwana katika mali ya pamoja ya familia kule India. Anayemnyima binti huku kwa kusema "ndiyo mila yetu" yuko nyuma hata ya mila anayoitaja.

## Mambo ya pembezoni

19. Nimuulize mnajimu kabla ya kuwekeza?

Kuchagua saa njema ya kufungua duka ni desturi, haina madhara. Kumwachia mnajimu akuchagulie shamba la kununua ni uzembe. Muulize saa, usimuulize bei. Na akikuuzia pete ya mawe kwa bei ya mtaji wako, ondoka.

20. Kama kuna karma, maskini amejitakia?

Watu husema hivyo, na ni matumizi mabaya ya fundisho. Karma imewekwa ili ujichunguze matendo yako. Hukupewa ili uwahukumu wengine. Gita inamchora mtu wa kishetani akijisemea: hiki nimepata leo, kile nitapata kesho, mimi ni tajiri, nani analingana nami? Anayemtazama ombaomba na kusema ni karma yake ameanza kufanana na mtu huyo. Karma yako wewe, muda huo, ni kile utakachofanya mbele yake.

21. Nikipata pesa kwa njia mbaya kisha nikajenga hekalu, inasafika?

Hapana. Kwanza irudi kwa mwenyewe. Sadaka hutolewa kutoka mali yako, na mali ya wizi haijawa yako.

Swali hili lina historia karibu nasi. Katika karne ya 19 Jairam Shivji, mtu wa jamii ya Bhatia kutoka Kutch, alikodi haki ya kukusanya ushuru wa forodha wa Zanzibar chini ya Seyyid Said, na nyumba yake ya biashara ikawa mkopeshaji mkuu wa misafara ya bara. Misafara hiyo ilileta pembe, na ilileta watumwa. Wafanyabiashara wa Kihindi wengine walimiliki watumwa wenyewe, hadi Rigby, konsuli wa Uingereza, alipowalazimisha kuwaachia huru maelfu mnamo mwaka 1860. Wahindu miongoni mwao walikula mboga tupu kwa kuogopa kumdhuru mnyama. Tunapowafundisha watoto habari za mababu waliokuja na majahazi, sura hiyo iwemo, vinginevyo ahimsa tunayowahubiria itakuwa ya jikoni tu.

22. Mshirika wangu ni Muislamu, mimi Mhindu. Tunaendeshaje duka moja?

Watu wamefanya hivyo pwani hii vizazi na vizazi. Andikeni mkataba kabla ya kununua hata kufuli. Mtaji utoke kwenye akiba zenu au kwenye benki yenye huduma za Kiislamu, ili suala la riba (swali la 9) lisirudi kila mwezi. Msiuze ambacho mmoja wenu hawezi kukila au kukigusa. Fungeni Iddi na fungeni Diwali. Dua ya madaftari ifanye nyumbani kwako juu ya nakala yako. Hesabu za mwaka zifuate mwaka wa mamlaka ya mapato, si Vikram Samvat wala Hijria. Zaka yake na sadaka yako zitoke kwenye gawio la kila mmoja, zisitoke kwenye droo ya duka.